Globe, Odeon, Drive-In: sinema za Nairobi zilikwenda wapi?

Ukishukia Odeon saa moja jioni, utalisikia jina hilo mara hamsini kabla hujavuka barabara. Makanga wanaliita, wauza soksi wanaelekezana kwalo, na kila anayepokea simu anaanza na "niko hapa Odeon." Juzi nilimwuliza kijana mmoja wa kujaza matatu: Odeon ni nini hasa? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Ni steji, mzee." Nikamwonyesha jengo lililo nyuma yake. Akageuka, akaangalia mabango na maduka ya simu, akanirudia kwa huruma: "Kwani unatafuta duka gani?"

Hakukosea. Odeon ni steji, Globe ni raundabauti, Drive-In ni mahali pa kushukia Thika Road na Bellevue ni mahali pa kushukia Mombasa Road. Kenya Cinema, pale Moi Avenue, ni mahali pa kumsubiri mtu aliyekuambia amefika ilhali bado yuko Ngara. Zote hizo zilikuwa sinema. Mji umetupa majumba ukabaki na majina, na majina yenyewe yanatunzwa na makanga ambao wengi wao hawajawahi kuona picha ikipigwa humo.

Ukiuliza zilikufa vipi, utajibiwa haraka: televisheni, kisha vidio, kisha DVD za shilingi hamsini, kisha simu. Miaka inalikataa jibu hilo. Televisheni iliingia Kenya 1962. Kama ndiyo iliyoua, ingekuwa imemaliza kazi kabla ya 1970. Kumbe miaka iliyofuata ndiyo wazee wa mji huu wanayoisimulia wakitabasamu: foleni hadi barabarani, walanguzi wa tiketi, kijana kuazima shati la kaka yake kwa sababu Jumamosi anampeleka msichana "kuona picha".

Mimi naona jumba la sinema husimama kwa mambo matatu: picha yenyewe, ploti, na usiku. Usiku nina maana ya uwezo wa mtu wa kutoka kwake jioni, akae gizani na watu asiowajua kwa saa tatu, kisha arudi nyumbani salama. Tunapenda kuzungumzia picha. Kwa Nairobi, ninavyoona, picha ndiyo iliyokuwa na makosa madogo kuliko wenzake.

Tuanze na ploti. Nairobi ilizaliwa 1899 ikiwa kambi ya reli. Miaka 13 baadaye, 1912, ilikuwa tayari na Theatre Royal, kwenye barabara iliyoitwa Sixth Avenue, baadaye Delamere Avenue, na leo Kenyatta Avenue. Ulikuwa ukumbi wa michezo, muziki na picha za kimya. Baadaye ukageuka kuwa sinema ya Cameo. Sinema yenyewe ilikuwa changa wakati huo, kwani ndugu Lumière walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris Desemba 1895. Mwaka huo huo wa 1912 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema. Mlango ulipowekwa, kufuli nalo likaletwa.

Kufuli hilo lilikuwa na ufunguo wa rangi. Kumbi za katikati ya mji, zile za upande wa Delamere Avenue na Queensway (sasa Mama Ngina Street), zilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Wahindi wakajijengea za kwao kuanzia Latema Road hadi Ngara na Pangani: Embassy, Odeon, Globe, Shan, Liberty. Mwafrika hakubaguliwa kwenye viti tu. Filamu zenyewe zilipangwa kwa rangi: wakaguzi waliweza kuipitisha kwa Wazungu na Wahindi na kuikataza kwa Waafrika, kwa hofu kwamba anayemwona mzungu akiiba benki au akilewa chakari kwenye pazia hatampigia saluti kesho asubuhi. Hata kama filamu ingeruhusiwa, ilibaki safari ya kurudi Pumwani usiku katika mji ambamo Mwafrika aliulizwa kibali akikutwa njiani saa mbaya. Tangu hapo, usiku ulikuwa sehemu ya bei ya tiketi.

Waafrika waliletewa sinema ya aina nyingine, sinema ya kufundishwa. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, lililokita kambi Vugiri, milima ya Usambara. Lilitengeneza filamu fupi kuhusu safura, kilimo, kuweka akiba posta na mengineyo, zikazungushwa Afrika Mashariki na mbali zaidi huku maelezo yakitoka kwenye santuri. Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha Colonial Film Unit, na gari la sinema likawa chombo cha serikali kama jembe la bwana shamba. Baada ya uhuru gari hilo lilibadilisha somo: likaja mitaani na matangazo ya sabuni na dawa ya meno, kisha ndipo likaonyesha picha. Waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya kitambaa wakaitazama filamu nzima kinyume, maandishi yakisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Nawajua watu wazima wanaoapa kwamba upande ule ulikuwa bora, kwani hakuna aliyekuzibia.

Majina nayo yanasimulia. Royal, Empire na Capitol yamekuja na meli kutoka Uingereza. Shan ni la Ngara hasa. Kwa Kihindi na Kiurdu ni fahari, utukufu. Nasi tuna shani, jambo la ajabu lisiloonekana kila siku. Yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kiarabu, moja likipitia Bara Hindi na jingine likipitia pwani yetu, yakaja kukutana Ngara Road. Na kweli lilikuwa shani. Baada ya 1963 mlinzi wa mlangoni hakuwa rangi tena, akawa bei, na kijana wa Kariokor aliweza kununua kiti cha mbele akaangalia picha ya Kihindi ya saa tatu bila kuelewa neno. Hakuhitaji. Akta, yaani shujaa wa picha, alijulikana kwa viatu. Akipigwa risasi tano watu hawakushtuka, kwa sababu kila mtoto wa Nairobi alijua kanuni: akta hafi.

Kabla ya picha, wimbo wa taifa ulipigwa, bendera ikapepea kwenye pazia, na kila mtu akasimama, bisi mkononi.

Nyuma ya vichwa vyao, juu kabisa, palikuwa na chumba ambacho wengi hawakukiona. Nilipata kuingia kimoja nikiwa kijana, kwa hisani ya jirani yetu aliyekuwa opareta. Joto lilikuwa la jikoni. Projekta mbili zilisimama bega kwa bega, kila moja ikitazama kidirisha chake. Sababu ya kuwa mbili ni hii: filamu ya milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde, yaani kiasi cha futi 90 kwa dakika. Rili ya futi 2,000 haimalizi hata nusu saa. Filamu ya saa mbili basi huja ikiwa imegawanywa katika rili sita hivi, na picha ya Kihindi huzidi hapo. Projekta moja inapokaribia kumaliza, ya pili lazima iwe imeshapakiwa, taa inawaka, mguu wa opareta uko tayari.

Atajuaje wakati? Kwenye kona ya juu kulia ya picha huchomoza kitone, kwa kufumba na kufumbua. Hiyo ni ishara ya kuwasha mota ya projekta ya pili. Zimebaki kama sekunde nane. Kitone cha pili kikitokea, anafunga dirisha moja na kufungua la pili. Akifanya vizuri, chini hakuna anayejua. Akichelewa, pazia linakuwa jeupe na ukumbi mzima unapiga mluzi. Jirani yangu alisema alifanya kazi hiyo miaka mingi lakini hakuwahi kuitazama filamu. Aliangalia kona tu. Taa ya zamani ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa karibu hadi umeme ukaruka katikati yao, na vijiti hivyo viliisha kama mishumaa, hivyo navyo vilitaka jicho. Mapumziko ya katikati, yale tuliyodhani yamewekwa ili sisi tukanunue soda na njugu, yalimpa naye nafasi ya kuvuta pumzi. Ingawa soda ndiyo iliyolipa kodi ya jengo, hilo tusijidanganye.

Sasa twende kwenye sinema ya garini, ambayo wenyeji waliiita draivini. Iligunduliwa na Mmarekani Richard Hollingshead, aliyefungua ya kwanza karibu na Camden, New Jersey, Juni 6, 1933. Alianzia nyumbani kwake: projekta juu ya boneti, shuka kati ya miti miwili, na mpira wa kumwagilia nyasi aone kama mvua itaharibu. Tatizo lililomsumbua ni lile la gari la nyuma kuzibwa na la mbele. Akalitatua kwa udongo. Kila safu ya magari ilipandishwa kwenye tuta, magurudumu ya mbele yakae juu, abiria atazame juu ya paa la jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na sinema za namna hiyo zaidi ya 4,000.

Kinachonivutia ni jinsi wazo hilo lilivyofaa Nairobi kuliko lilikozaliwa. Sinema ya garini haiwezi kuanza mpaka giza liingie. Kule New Jersey mwezi wa sita jua huzama karibu saa mbili unusu usiku, na watoto wamelala kabla picha haijaanza. Majira ya baridi theluji inafunga biashara. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Saa moja na nusu giza ni giza, Januari hadi Desemba, na ratiba haibadiliki. Adui ni mvua za masika na za vuli, na baridi ya Julai, kwani tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hizo zina dawa: waipa na blanketi.

Mji ukapata mbili, Bellevue upande wa Mombasa Road na Fox upande wa Thika Road, zote nje ya mji wa wakati huo, ambako ardhi ilikuwa tambarare na rahisi. Nilikwenda Bellevue mara moja tu, nikiwa darasa la nne, nyuma ya pikapu ya mjomba. Aliigeuza akaegesha kinyumenyume, tukalala kwenye magodoro tukitazama pazia kubwa kuliko nyumba yoyote niliyokuwa nimeiona. Kila nafasi ya gari ilikuwa na mlingoti mfupi wenye spika, unaishusha na kuining'iniza dirishani. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya sufuria. Familia ya Kihindi karibu nasi ilikuwa imefungua buti, ikatoa bhajia, chatne, thamosi tatu na nyanya mzee kwenye kiti cha kukunja. Walitupa bhajia. Filamu siikumbuki hata jina. Nakumbuka ndege zikishuka kuelekea Embakasi katikati ya mapenzi ya watu wawili wa Kizungu, na mjomba akikoroma.

Mtu anaposema sinema ya garini ilikuwa ya watu wote, namkatiza. Ilikuwa ya wenye gari, au wenye mjomba mwenye gari. Lakini kwa hao ilikuwa mahali pa pekee ambapo mtoto mchanga angelia bila kufukuzwa, na mzee mwenye miguu mibovu hakupanda ngazi.

Basi ilikuwaje? Usiku ndio uliotangulia kuharibika. Agosti 1, 1982 kulitokea jaribio la mapinduzi. Maduka ya Wahindi yaliporwa, na kwa siku kadhaa mji ukawa chini ya kafyu. Kafyu iliondolewa, ila familia nyingi zilizokuwa zikishuka Latema Road Jumapili jioni zilianza kufikiria mara mbili. Miaka ya 1990 ikaja na wizi wa magari kwa bunduki. Hebu fikiria sinema ya garini kwa jicho la mwizi: magari mazuri kadhaa yamepangwa gizani, pembezoni mwa mji, wenyewe wamekaa ndani wakitazama upande mmoja. Kile kilichoifanya iwe raha ndicho kilichoifanya iwe hatari. Tao nako, onyesho la usiku lilipoisha, basi zilikuwa zimepungua, na Globe, jina la sinema, likawa jina la mahali pa kupigiwa ngeta, yaani kukabwa koo na kuporwa.

Hapo ndipo vidio ikakuta mlango wazi. Haikuwa bora kuliko pazia, ilikuwa nyumbani. Kaseti ya picha ya Kihindi iliwatosha watu kumi sebuleni, na hakuna aliyehitaji kuvuka Ngara usiku. Kisha shilingi ikaporomoka 1993, na filamu za nje hulipiwa kwa fedha za nje. Ukumbi uliosubiri hadi uweze kumudu nakala ulijikuta unaonyesha kitu ambacho mtaa ulikwisha kukitazama na kukichoka.

Ploti ndiyo iliyofunga hesabu. Ukumbi wa sinema ni chumba kimoja kikubwa chenye mpangaji mmoja, nacho hulala mchana. Katika barabara ambayo watu wanapita kwa maelfu, mwenye jengo anaweza kukigawa kwa mbao na vioo kiwe eksibisheni yenye vibanda vingi, kila kimoja kikilipa kodi yake na gudwili juu, ile hela ya kupewa nafasi. Sinema ingehitaji kujaza viti kila siku ili ishindane na hilo, na hakuna inayojaza viti Jumanne mchana. Sinema ya garini ndiyo mbaya zaidi: ekari nyingi zinazofanya kazi saa chache kwa siku, ilhali mji unasogea kuelekea huko.

Zile ambazo hazikukatwa vibanda zilichukuliwa na makanisa, na watu wengi huona ajabu. Mimi sioni. Kanisa changa linatafuta ukumbi wenye viti vinavyotazama mbele, jukwaa, sakafu inayoteremka ili wa nyuma aone, na vyoo vya watu wengi. Fundi aliyejenga sinema alilijengea kanisa bila kujua. Linataka asubuhi ya Jumapili, wakati ambao sinema hailali tu, inakoroma. Mara nyingi walianza kwa kugawana jengo.

Tena, sinema hazikwisha Nairobi. Zilihama kufuata usiku. Sarit Centre ilifunguliwa 1983, na baada yake maduka makubwa ya Westlands, Gigiri na Ngong Road yakaweka kumbi ndogondogo juu ya sehemu za chakula, penye walinzi getini na maegesho chini. Ukipenda, mall ni sinema ya garini iliyoezekwa paa: bado unakuja na gari lako, bado unakula. Kwa wasio na gari, jibu lilikuwa vidio ya mtaani, kibanda cha mabati chenye mabenchi, ambako sauti ya DJ Afro ilikutafsiria picha ya Kichina au ya Kihindi kwa Sheng, akimpa kila mtu jina na tabia ya Dandora. Ulitembea kwenda, ukatembea kurudi. Njia mbili za kukwepa usiku wa tao, moja ya ghali na moja ya bei ya mandazi mawili.

Na hamu ipo. Septemba 2018 mahakama ilipoiondolea filamu ya Rafiki marufuku kwa siku saba tu, watu walijaza ukumbi wa Prestige Plaza, Ngong Road. Marufuku hiyo, kwa taarifa yako, ilitolewa na bodi inayofanya kazi chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, mjukuu wa lile kufuli la 1912.

Kumbi chache za zamani zilizokuwa bado zinapumua zilipata pigo jingine kati ya 2010 na 2015, Hollywood ilipokuwa inaachana na rili. Filamu ikawa faili, na projekta ya kuisoma faili hiyo haiwezi kutengenezwa na opareta kwa bisibisi. Sinema ya 20th Century, Mama Ngina Street, iliwekewa hata pazia la IMAX, lile kubwa kupita kawaida, na hiyo nayo haikuiokoa. Shan ilipata bahati tofauti: shirika la sanaa la Sarakasi Trust liliichukua, ikawa Sarakasi Dome, na leo vijana wanapindua vichwa chini miguu juu pale pazia lilipokuwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kununua chaja kwenye eksibisheni moja ya tao, sitasema ipi. Vibanda vimebanana, taa za kila rangi, muziki wa kila aina. Nikaona meza ya dada aliyenihudumia imewekewa vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya mbele. Nikamwuliza sakafu ina nini. "Imelala hivyo tangu nije. Tuliambiwa fundi alikuwa mlevi." Akanipa chenji, shilingi moja ikamponyoka. Haikuanguka ikatulia. Ilibingirika kwenye ujia kati ya vibanda, ikapita duka la wigi, ikapita duka la viatu, ikiteremka polepole kuelekea mbele, hadi ikagonga ukuta mweupe mrefu usiokuwa na dirisha.